Boma Letu la Biharamulo: Urithi wa Nani?

Kila mji una kitu ambacho wenyeji wake humwonyesha mgeni kabla hajauliza. Mgeni akifika Mwanza huonyeshwa mawe yaliyosimama ziwani. Akifika Bagamoyo huonyeshwa magofu na makaburi ya zamani. Akifika kwetu Biharamulo, baada ya kunawa vumbi la safari na kunywa chai, ataambiwa, "Twende ukalione Boma."

Boma hilo ni ngome ya Wajerumani, iliyojengwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kuta zake ni nene, uwanja uko katikati, na vyumba vimeuzunguka uwanja huo. Limeona bendera ya Mjerumani, ya Mbelgiji, ya Mwingereza na ya kwetu wenyewe. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo lilikarabatiwa likageuzwa nyumba ya kulaza wageni, na watu wengi wa mji huu wanaona fahari juu yake. Mimi ni mmoja wao.

Lakini kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana niliowafundisha, nalo halistahili kujibiwa kwa kicheko. "Mwalimu, tunasherehekeaje nyumba ya aliyetutawala? Kama tulipigania uhuru, kwa nini hatukuibomoa?" Wengine huuliza swali lililo kinyume chake, tena kwa uchungu zaidi: "Mbona Wajerumani walituachia jengo, na sisi katika miaka yote ya Azimio hatukuacha hata moja la kuonyesha?" Katika kurasa hizi nataka kuyajibu maswali haya mawili pamoja, kwa sababu naamini ni swali moja.

Jibu linaanza kabla ya Boma. Kuna watu wanaozungumza kana kwamba mji huu ulizaliwa siku Mjerumani aliposimika jiwe la kwanza. Nchi hii ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa ufalme wa Usuwi, au Rusubi kama wanavyouita wenyeji, uliomeguka kutoka Uzinza. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipita hapa wakielekea Karagwe na Buganda kutafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa na msafara mkubwa kutoka Unguja, na miongoni mwa viongozi wa msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani wao. Mfalme wa Usuwi wakati huo aliitwa Suwarora. Sifa zake zilikuwa zimewafikia wageni hao wakiwa bado mbali, na sifa yenyewe ilikuwa hongo. Hakuna aliyepita nchi yake bila kutoa shaba, shanga na nguo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na Suwarora aliuelewa msemo huo kwa upande wa anayelamba! Alituma wajumbe wakahesabu mali, wakachukua, wakarudi wakaongeza madai. Msafara ulikaa ukingoja ruhusa mpaka Speke akachoka. Mfalme mwenyewe hakutaka kukutana nao.

Katika vitabu vya wasafiri Suwarora ameandikwa kuwa mlafi. Nami naomba msomaji atazame kwa jicho la mwenye nyumba. Mtu anayepita na bunduki katika nchi ya mwenzake, akatozwa ushuru wa njia, ametendewa kama serikali yoyote inavyomtendea apitaye mpakani. Leo malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hupita Ngara na kusimama Rusumo, na hakuna anayeandika kwamba ofisa wa forodha ni mlafi kwa kuwa amedai karatasi. Basi jambo la kwanza katika urithi wetu ni hili, kwamba hapa palikuwa na dola kabla ya kuwa na Boma. Baadaye ufalme huo uligawanyika, Rusubi ikiwa upande wa Biharamulo na Bushubi upande wa Ngara. Pembeni yake, kando ya mto Ruvubu, ilikuwako Bugufi ya Wahangaza, nchi ya wazazi wangu, ambayo ilikuwa na uhusiano na Mwami wa Burundi.

Kwa kuwa nimeitaja Ngara, nieleze kwa nini naichanganya na Biharamulo. Leo ni wilaya mbili, kila moja ina mkuu wake na mbunge wake. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Ngara ilitawaliwa kutoka Biharamulo. Mtu wa Bugufi aliyekuwa na shauri kubwa alitembea siku kadhaa, akipita milima na kisha mapori yenye ndorobo na simba, mpaka akafika mbele ya kuta hizi. Kwa hiyo Boma la Biharamulo ni letu sote wa wilaya hizi mbili, kwa heri na kwa shari.

Mwezi Mei 1894 mpelelezi mmoja wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alivuka mto Kagera katika maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda. Alikuwa ametokea pwani ya Tanganyika, na aliendelea na safari mpaka akatokea pwani ya magharibi ya Afrika kwa njia ya Kongo. Watu waliomwona akivuka huenda walidhani ni mpitanjia kama Speke. Hawakujua kwamba mwaka 1901 mtu huyo huyo angerudi kuwa Gavana wa koloni zima, akikaa Dar es Salaam, mpaka 1906. Ni katika utawala wake ndipo vita vya Maji Maji vilipigwa kule kusini na kuzimwa kwa moto na njaa. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo Boma letu lilijengwa.

Ngome haijengwi na yule anayekaa ndani yake. Wajerumani katika kituo kama hiki walikuwa wachache sana, pengine wa kuhesabika kwa vidole. Mawe yalibebwa na vichwa vya watu, udongo ulikandwa na miguu ya watu, na miti ilikatwa na kuburutwa na mikono ya watu. Na watu hao ni babu zetu. Kodi ya nyumba ilikuwa imetangazwa mwaka 1897, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Kwa hiyo kijana anayeniuliza kwa nini hatukulibomoa Boma namjibu hivi: lile ni jengo la babu yako. Mjerumani alitoa amri na ramani. Kazi, ambayo ndiyo jengo lenyewe, ilitoka kwa watu wa Rusubi na majirani zao. Kulibomoa kungekuwa kumnyang'anya babu kitu pekee alichoacha kinachoonekana, ingawa hakupenda kukiacha.

Mjerumani naye hakukaa sana. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 mpaka wa Kagera ukawa uwanja wa mapambano. Katika maporomoko yale yale ya Rusumo Wajerumani na Wabelgiji walipigana. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka kutoka Kongo, wakatwaa Kigali mwezi Mei, na mwezi Juni majeshi yao ya upande wa kaskazini, chini ya Kanali Molitor, yakaitwaa Biharamulo. Kutoka hapa yakasonga kusini, na mwezi Septemba Tabora ikaanguka. Nimesema "Wabelgiji", lakini waliobeba bunduki hizo wengi walikuwa Waafrika wa Kongo, na waliobeba chakula na risasi walikuwa Waafrika waliokusanywa njiani kwa maelfu. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi za vita hivyo zilikuwa mashamba ya watu, ndizi zao, ng'ombe wao, na migongo ya vijana wao.

Baada ya vita wakubwa walikaa mezani huko Ulaya kugawana. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Biharamulo ilitoka mikononi mwa Wabelgiji ikakabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Kulikuwa na jambo moja la ajabu. Mwingereza alikuwa na ndoto ya reli ya kutoka Cape mpaka Cairo, akataka njia upande wa magharibi wa Kagera, na kwa ajili hiyo akapewa Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda. Mfalme wa Rwanda na mapadre wakalalamika, na mwaka 1923 Ligi ya Mataifa ikakubali Gisaka irudishwe. Reli yenyewe haikujengwa. Lakini Bugufi haikurudishwa Burundi. Ilibaki Tanganyika, na hata mwaka 1948, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipozuru nchi hizi, Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa bado anadai arudishiwe.

Namna hiyo ndivyo nilivyozaliwa Mtanganyika. Hakuna mtu aliyekwenda kumwuliza babu yangu kando ya Ruvubu anataka kuwa wa nani. Ndugu zake wengine walibaki ng'ambo. Kihangaza na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani. Misiba tulizikana, harusi tuliozana, na rubisi tulinyweshana, mpaka uwe mpaka au usiwe. Nikiwa mtoto niliamini kwamba mpaka ni kitu cha wakubwa wa Boma, kama vile mhuri na kofia. Baadaye nilijifunza kwamba mpaka unaweza kukuokoa maisha. Mwaka 1972 na tena 1993, damu ilipomwagika Burundi, ndugu zetu walivuka mto ule wakakuta upande huu kuna amani. Mstari uliochorwa kwa ajili ya reli na ukubwa wa wageni ukawa mlango wa kuponea. Mimi sitamshukuru aliyeuchora, kwa kuwa hakuuchora kwa nia hiyo. Lakini nawashukuru wazee wetu walioufanya mlango badala ya ukuta. Huo ndio urithi ninaoutaka uandikwe.

Mwingereza aliingia ndani ya kuta zile zile. Mwaka 1926, chini ya Gavana Cameron, ilitungwa sheria ya kuwatawala wananchi kwa kupitia machifu wao. Watemi na abami wakawa na mabaraza, makarani na hazina, na Bwana Shauri akakaa Bomani akiwasimamia. Kulikuwa na faida: watu walipanda kahawa, na Bugufi ikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo katika Tanganyika ambapo wakulima wa kahawa waliunda chama cha ushirika. Kulikuwa pia na jambo ambalo vijana wa leo hawalijui kabisa, nalo ni malale.

Ugonjwa wa malale, unaoletwa na ndorobo, ulienea magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1920 na 1930, na Biharamulo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizougua. Dawa iliyoamuliwa na serikali ilikuwa kuwahamisha watu. Waliokuwa wakikaa mbali mbali porini waliamriwa kuacha nyumba zao na kukusanyika mahali pamoja palipofyekwa, ili ndorobo wakose kichaka na mganga apate kuwafikia. Wengi walipona kwa sababu hiyo. Lakini nchi waliyoiacha ikageuka pori, na pori likawa la wanyama. Mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yanaonekana kwa mtalii kama nchi ambayo haijawahi kuwa na mtu. Mzee wa Rusubi akipita humo alikuwa akiona mahali palipokuwa na mji wa fulani na shamba la fulani. Katika miaka ya 1990 mapori hayo yalikuwa na majambazi hata mabasi yakapita kwa msafara yakisindikizwa na polisi, na abiria wengi waliyaogopa bila kujua kwamba yaliwahi kuwa nyumbani kwa watu.

Nimelieleza hilo la malale kwa makusudi, maana linatufikisha kwenye sehemu ya pili ya swali.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima, na heshima iliyokuwa ya ukoo ikahamia kwenye chama na baraza. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Kwa watu wa nchi yetu, maneno "ujamaa" na "kujitegemea" hayakuwa ya redioni tu. Walioyapokea kwa moyo wao walikuwapo, tena wengine tusiowatazamia. Christopher Mwoleka, aliyekuwa Askofu Mkatoliki wa Rulenge tangu 1969 mpaka 1996, alikwenda kuishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alishika jembe kama wao. Alisema na kuandika kwamba kuishi pamoja na kugawana ni njia ya kuuelewa Utatu Mtakatifu, maana Mungu mwenyewe ni ushirika. Wapo waliomwona mtu wa ajabu, mapadre kwa wanasiasa. Alifariki mwaka 2002. Ukiuliza alama ya kazi yake katika mji wetu huoni jengo. Unakuta watu waliojifunza kukaa katika jumuiya ndogo ndogo na kusaidiana, na watu hao wanazeeka.

Halafu ikaja amri. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni lazima, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alilipenda Azimio kwa dhati. Alikuwa amelisoma kwa sauti mbele ya majirani, jioni baada ya jioni, kwa mwanga wa kibatari. Mwaka 1974 waliotumwa kusimamia uhamisho walifika kwetu, wakampa siku chache. Migomba ilikuwa imebeba. Mibuni ilikuwa imeiva nusu. Nyumba yake iling'olewa mlango na paa ili asirudi, na yeye mwenyewe alisaidia kubeba mlango ule mpaka kwenye kiwanja kipya kando ya barabara. Hakulalamika mbele yetu. Bibi yangu ndiye aliyesema. Alikuwa amewahi kusikia kwa watu wa Rusubi habari ya kuhamishwa kwa malale, akasema: "Basi na sisi tumeugua." Baba akanyamaza.

Nimeyafikiri maneno ya bibi kwa zaidi ya miaka 40. Je, alikuwa amesema kweli? Mkoloni aliwakusanya watu kwa sababu ya ugonjwa. Taifa liliwakusanya kwa ajili ya shule, zahanati na maji. Namna ya kuwakusanya ilifanana mno, na hilo lazima tulikiri. Mahali pengine nyumba zilichomwa, na mavuno ya miaka hiyo yakapotea. Lakini haifai kuishia hapo. Katika kijiji kile kipya dada zangu wawili walisoma darasa la saba, jambo ambalo katika mlima wetu wa zamani lisingewezekana, maana shule ilikuwa mbali na mto ulikuwa katikati. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika kisomo cha jioni, akaandika jina lake kwa mara ya kwanza kwenye daftari la kijiji. Baba alipoteza migomba na mama akapata kalamu. Yote mawili ni kweli, na katika nyumba yetu yote mawili yalikaa meza moja.

Tena miaka ile ilitufundisha kumpokea mtu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamepewa ardhi Muyenzi, katika wilaya ya Ngara, si ya kupiga hema bali ya kulima. Mwaka 1980 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa hapa nchini walipewa nafasi ya kuwa raia. Na mwisho wa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka kama hilo. Walikusanyika Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Chini ya daraja, mto ulikuwa ukileta maiti. Ndiyo Rusumo ile ile aliyovuka von Götzen miaka 100 kabla yake, na ndiyo Rusumo ambayo leo ina mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Katika umati ule walikuwamo wenye haki na wenye damu mikononi, na wenyeji wa Ngara hawakuweza kuwatofautisha. Misitu yao ilikatwa kwa kuni, mashamba yao yalikanyagwa, visima vyao vilikauka. Wengi waliokuja waliondoka Desemba 1996. Sijaona kibao hata kimoja kilichoandikwa jina la mkulima wa Ngara aliyegawana mtungi wake wa maji siku ile.

Sasa narudi kwa yule kijana wa pili, anayesema kwamba enzi ya Azimio haikutuachia jengo. Anasema kweli kama anahesabu mawe tu. Mkoloni hujenga kwa mawe kwa sababu anawaogopa anaowatawala. Boma lilijengwa nene ili risasi isipite. Nyumba za vijiji vyetu zilikuwa za miti na udongo kwa sababu hazikujengwa dhidi ya mtu yeyote, na nyumba ya udongo maisha yake ni mafupi kama ya mwenye nyumba. Ndiyo maana tukisherehekea kinachoonekana peke yake, kila mara tutamsherehekea aliyetuogopa, na kuwasahau waliotupenda, hata pale walipotukosea.

Na hatari yenyewe iko karibu kuliko tunavyodhani. Niliwahi kuingia katika ofisi ya kijiji kimoja, sitakitaja jina, nikaomba kuona madaftari ya mikutano ya miaka ya 1970. Nilifunguliwa kabati. Mchwa walikuwa wamekula kuanzia chini mpaka katikati. Katika kurasa zilizobaki niliona orodha ya waliochimba msingi wa shule, siku kwa siku, jina kwa jina, na mbele ya baadhi ya majina alama ya dole gumba. Karatasi ilivunjika nilipoigeuza. Hakuna ngome ya Kijerumani itakayotuambia majina yale. Wazee waliokuwa vijana wakati ule sasa wana miaka 70 na 80, na kila msiba tunaokwenda tunazika daftari lingine.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni dogo, na linawezekana. Tulihifadhi Boma, tena kwa fahari. Lakini ukutani mwake isiandikwe tu kwamba Wajerumani walijenga mwaka fulani. Iandikwe kwanza Usuwi, na jina la Suwarora aliyewatoza wageni ushuru wa njia. Waandikwe wabeba mawe, hata kama ni kwa maneno mawili tu, "babu zetu". Waandikwe wapagazi wa 1916. Iandikwe miji iliyohamishwa kwa malale, ambayo leo ni hifadhi. Pawe na chumba kimoja cha madaftari ya vijiji, yatolewe makabatini kabla mchwa hawajamaliza, yawekwe mahali pakavu. Na wanafunzi wa sekondari za Ngara na Biharamulo, badala ya kukariri tarehe za Bismarck peke yake, wapewe kazi ya kwenda kwa mzee mmoja kila mmoja, wakae naye mkekani, wamsalimu kwa heshima, wamwulize: "Mwaka 1974 mlihamaje? Mlipoteza nini, mkapata nini?" Waandike jibu kama lilivyosemwa, liwe tamu au chungu.

Hapo ndipo sherehe yetu itakuwa sherehe ya mji, wala si ya kuta. Kusherehekea urithi si kusifu kila kilichopita. Baba yangu hakuwahi kulilaani Azimio, wala hakuwahi kuisahau migomba yake, na mimi sioni kwa nini taifa lishindwe kufanya alichoweza mtu mmoja mkulima. Nyumba ya ngome tuliijenga kwa kulazimishwa, nayo bado imesimama. Kumbukumbu tutaijenga kwa hiari, au haitajengwa kabisa. Muda tulionao ni ule waliobakiwa nao wazee wetu, nao si mwingi.